Mazuku: mahali pa kutoketi karibu na Ziwa Kivu

Siku ya Yenga, vijana wengi wa Goma wanashuka Ziwa Kivu kuoga na kupumzika. Lakini upande wa magharibi mwa mji, hasa kule Lac Vert, kuna mashimo yenye mazuku. Ni gazi ya kaboni, inatoka chini ya udongo wa volkano. Haina rangi, tena ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana inajaa mabondeni, zaidi asubuhi mapema kama hakuna upepo. Mbuzi na mutoto wanaanguka mbele, kwani pua zao ziko karibu na udongo. Mutandike juu, pahali upepo unapita. Mukiona ndege wamekufa shimoni, muondoke. Na mwenzenu akianguka mule, musiinamie kumuinua: mutaita msaada mukiwa juu.