Fremu ya mbao ya meko

Fremu ya mbao ya meko ni muundo wa mbao unaozunguka mdomo wa meko ya ukutani, yaani mahali pa kuwashia moto sebuleni ambapo moshi hutoka kwa njia ya dohani. Kwa kawaida huwa na nguzo mbili za pembeni, ubao wa juu na rafu. Kwa kuwa iko karibu na moto, umaliziaji na utunzaji wake huhitaji uangalifu kuliko samani nyingine.

Katika Afrika Mashariki

Meko ya ukutani yalienea wakati wa ukoloni katika nyumba za sehemu zenye baridi, kama vile Lushoto na Mufindi nchini Tanzania, au Limuru na Kericho nchini Kenya. Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, yaani Buhigwe, Kasulu na Kibondo, moto uliozoeleka ni ule wa mafiga jikoni. Hata hivyo, mbao za misitu ya miombo ya mkoa huo, hasa mninga na mkurungu, zinafaa kwa kazi hii, na umaliziaji wake ni kama ule wa milango na makabati.

Uchaguzi wa mbao

Mbao inapaswa kukauka vizuri kabla ya kuungwa, la sivyo joto huipinda na kuipasua. Mninga husifiwa kwa sababu husinyaa kidogo tu. Mbao iliyotiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki haifai, kwa kuwa ikiungua hutoa moshi na majivu yenye sumu.

Umbali na moto

Kanuni zinazotumika Marekani hutaka mbao yoyote iwe angalau sentimita 15 kutoka mdomo wa meko. Sehemu inayochomoza zaidi ya sentimita 4 juu ya mdomo, kama vile rafu, iwe angalau sentimita 30. Nafasi hiyo hujazwa kwa mawe, matofali au vigae.

Umaliziaji

Mbao hupigwa randa, kisha msasa wa namba 80, 120, 180 na 240, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Fundi huvaa barakoa, kwani vumbi la mninga linaweza kuwasha pua na ngozi. Baada ya kufuta vumbi hupakwa kimojawapo kati ya vifuatavyo:

- Mafuta ya kitani: hupenya na kuganda yakikutana na hewa. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya vinaweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa. Hutandazwa nje vikauke, au hulowekwa majini.
- Vanishi: hupakwa tabaka 2 au 3 nyembamba, na msasa laini kati ya tabaka.
- Nta ya nyuki: hung'arisha, lakini huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi za selsiasi. Karibu na mdomo wa meko hulainika na kunasa masizi.

Mawese, ingawa hupatikana kwa wingi Kigoma, hayafai. Hayagandi kama mafuta ya kitani, bali hubaki yakinata, hushika vumbi na kuchacha.

Vanishi na tapentaini hutoa mvuke unaoshika moto. Kwa hiyo meko hayawashwi mpaka fremu ikauke kabisa.

Utunzaji

Masizi hufutwa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini. Maji mengi huvimbisha mbao. Fremu ya mafuta hupakwa upya inapofifia. Vanishi iliyobanduka husuguliwa kwanza. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, hivyo hazisuguliwi zikiwa kavu.

Mbao iliyogeuka kahawia nyeusi au kutoa harufu ya kuungua ni dalili ya hatari. Mbao inayopashwa joto kwa miaka mingi inaweza kushika moto kwa urahisi kuliko mbao mpya. Kuipaka vanishi upya huficha dalili hiyo bila kuondoa hatari. Meko yasitumike mpaka fundi akague dohani na umbali wa mbao.

Tazama pia

- Useremala
- Mninga
- Nta