Mikobakteria wa mazingira

Tuchukue mgonjwa wa Chapwa anayeishi na VVU. Anakohoa, homa za jioni hazimwachi, uzito unashuka. Makohozi yake yakipakwa rangi, hadubini inaonyesha vijiti vyekundu. Yakipimwa kwa GeneXpert, jibu ni hasi.

Majibu hayo mawili yanaweza kuwa sahihi yote. Ukoo mzima wa mikobakteria una ukuta wenye nta, unaong'ang'ania rangi nyekundu hata ukioshwa kwa asidi. GeneXpert yenyewe husaka vinasaba vya kundi la kifua kikuu tu. Hapo daktari aanze kuwashuku wale wanaoitwa "mikobakteria wasio wa kifua kikuu".

Jina hilo silipendi. Ndugu wa mgonjwa watasikia "kifua kikuu" basi, na kikombe chake kitatengwa, ilhali bakteria hawa hukaa kwenye maji na udongo na ni nadra sana kuambukizana kati ya watu. Kuwaita "kifua kikuu sugu" ni kosa kubwa zaidi: huo ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake nzito, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa hizo bure. Mimi nasema "mikobakteria wa mazingira", maana jina hili linaeleza wanakotoka.

Asili hiyo ndiyo inayoongoza hata vipimo. Makohozi huoteshwa maabara, na kwa mtu wa Chapwa maana yake ni sampuli kwenda Mbeya, kama kilomita 100, kisha kusubiri wiki kadhaa. Sampuli moja ikiota haitoshi, kwani bakteria huenda wametoka kwenye maji aliyosukutulia. Zinatakiwa angalau mbili za nyakati tofauti, pamoja na dalili na picha ya kifua. Damu ni habari nyingine. Kwa mwenye CD4 chini ya 50, Mycobacterium avium huweza kusambaa mwilini, na akioteshwa kutoka kwenye damu hata mara moja, matibabu yaanze.

Huyo avium akiwa mapafuni hutibiwa kwa azithromaisini au klarithromaisini, ethambutoli na rifampisini, hadi miezi 12 ipite tangu makohozi yaache kuotesha bakteria. Isoniazidi haisaidii hapa. Na kwa kuwa rifampisini hupunguza dawa ya VVU dolutegravir mwilini, mgonjwa wetu atameza dolutegravir miligramu 50 asubuhi na nyingine 50 jioni. Hilo aelezwe siku ileile anayokabidhiwa dawa.