Udahili wa Wanafunzi wa Uchoraji: Arua na Koboko

Kijana wa Arua au Koboko anayetaka shahada yenye uchoraji kwa kawaida huelekea Kampala na viunga vyake, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Wa Koboko huongeza zaidi ya kilomita 50. Vyuo vinavyotajwa sana ni Makerere, Kyambogo na Nkumba. Udahili kutoka Nile Magharibi, eneo la Uganda zilipo Arua na Koboko, mara nyingi huelezwa kwa umbali huo, au kwa madai kwamba vijana hawapendi sanaa. Maelezo hayo hayatoshi. Kinachoamua zaidi ni nani anayelipa ada, na kama shule ya sekondari ina mwalimu wa sanaa.

Makerere na ada

Mafunzo ya sanaa Makerere yalianzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Shule iliyopewa jina lake iliwavuta wachoraji wa Afrika Mashariki nzima, wakiwemo Sam Ntiro na Elimo Njau kutoka miteremko ya Kilimanjaro, mbali kuliko Arua. Umbali peke yake, basi, haukuwa kizuizi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ndiyo iliyowagharimia wanafunzi wa Makerere, lakini Nile Magharibi haikuifaidi neema hiyo ipasavyo. Rais Idi Amin, mwenye asili ya eneo hilo, alipoangushwa mwaka 1979, kisasi cha wanajeshi kiliwaangukia wananchi wa huko wasio na hatia. Maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire, na tarehe 24 Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, jirani na mji wa Arua, wakauawa. Masomo yalivunjika katika miaka ileile ambayo nafasi ya chuo ilikuwa haidai ada. Wakimbizi walirejea, na muda si mrefu, mwaka 1992, Makerere ikaanza kupokea wanaojilipia. Nafasi zikaongezeka kwa kasi, ila kwa wenye fedha.

Mwaka 2005 ulileta mambo mawili yanayovutana. Koboko ilipata kuwa wilaya, na mgawo wa nafasi za ufadhili kwa wilaya ulianza, jambo la haki kwa maeneo yaliyobaki nyuma. Wakati huohuo serikali ilielekeza takribani robo tatu ya ufadhili wake wa ushindani wa kitaifa kwenye sayansi. Mwenye kutetea sera hiyo atasema nchi inahitaji madaktari na wahandisi, na hoja hiyo ni ya kweli, hasa katika eneo lenye upungufu wa wauguzi. Hata hivyo haithibitishi kwamba uchoraji hautakiwi. Inathibitisha tu kwamba familia maskini imeondolewa uhuru wa kuuchagua. Familia yenye uwezo huendelea kumlipia mtoto wake sanaa bila kuulizwa faida yake kwa taifa. Chuo Kikuu cha Muni, cha serikali, kilichoanza kufundisha Arua mwaka 2013, kilizaliwa ndani ya sera hiyo: teknolojia ya habari, ualimu wa sayansi, uuguzi, kilimo.

Sekondari

Wengine hudai mgawo wa wilaya unatosha kurekebisha kasoro hiyo ya ufadhili kuelekezwa kwenye sayansi. Hautoshi, kwa sababu alama za kudahiliwa huyapa uzito masomo yanayohusiana na kozi inayoombwa. Asiyesoma sanaa hadi kidato cha sita huingia kwenye ushindani akiwa nyuma, na somo hilo hudai rangi, karatasi na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Walimu wa masomo mengine waligoma. Kijana anayefikiria kuwa mwalimu wa uchoraji aliusoma ujumbe huo vizuri.

Hali ya sasa

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, sanaa na usanifu ikiwa somo la hiari. Wahitimu wake wa kwanza walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024. Uchoraji Makerere uko chini ya Chuo cha Uhandisi, Ubunifu, Sanaa na Teknolojia.