Mbega wa Tiwi na lakabu ya Angola

Mbega anayeruka kwenye miti ya Tiwi na Diani, pwani ya kusini ya Kenya, hajawahi kukanyaga Angola. Hata hivyo, vitabu vya sayansi dunia nzima vinamwandika Colobus angolensis. Mwaka 1860 Philip Sclater, mwanazuolojia Mwingereza, alimpa jina hilo mbega aliyeletwa kutoka Angola, na baadaye wa kwetu akahesabiwa kuwa wa spishi hiyohiyo. Kanuni ya wataalamu wa wanyama ni kwamba jina lililotangulia ndilo lishikalo, hata kama linampotosha msomaji.

Neno la pili katika jina hilo, angolensis, ndilo lakabu ya kisayansi. Zamani wasomi wa Ulaya waliutaja mmea kwa sentensi nzima ya Kilatini. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden akaupa kila mmea neno moja tu la kuutofautisha na wenzake wa jenasi moja, na mwaka 1758 akawafanyia wanyama vivyo hivyo.

Pwani yetu ilikuwa na lakabu zamani. Mnyazi wa Menza, aliyewahamasisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, anajulikana zaidi kama Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Msichana wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, alikuja kuwa Siti binti Saad, na sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa jina hilo la heshima. Lakabu hizi zilitolewa na watu waliomjua mwenye jina, waliomsikia akiimba au waliomwona akilea. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo cha lakabu njema.

Kwa kipimo hicho, wanasayansi wengine walifaulu vizuri. Wilhelm Peters wa Berlin, mwaka 1868, aliwatofautisha mbega wa pwani hii kwa neno palliatus, aliyevaa joho. Yeyote aliyemwona mbega wa Diani ameketi tawini, nywele ndefu nyeupe zikimshuka mabegani, atakubali kwamba Peters alimtazama mnyama mwenyewe. Mibuyu mikubwa inayouzunguka Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, inaitwa Adansonia digitata. Neno la kwanza ni kumbukumbu ya Mfaransa Michel Adanson, aliyeuchunguza mbuyu huko Senegal, na la pili linasema majani yake yamekaa kama vidole. Kule Milima ya Shimba yuko chura mdogo ambaye Arne Schiøtz wa Denmark alimwita Hyperolius rubrovermiculatus mwaka 1975, kwa sababu ya michirizi myekundu mgongoni inayojipinda kama minyoo.

Palahala wa milima hiyohiyo hakubahatika. Theodore Roosevelt alipokuja Kenya kuwinda mwaka 1909, mara tu baada ya kuuacha urais wa Marekani, aliandamana na mwanawe Kermit na mwanazuolojia Edmund Heller. Mwaka uliofuata Heller akamwita palahala wa Shimba roosevelti. Pembe zake zilizopinda hadi nyuma na manyoya yake meusi hayamo katika neno hilo. Aliyemo ni mwindaji. Msituni pia kuna Encephalartos hildebrandtii, mmea wa kale wenye majani ya miiba, uliopewa jina mwaka 1874 kwa heshima ya Johann Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Mashariki. Wenyeji walioishi na viumbe hawa hawamo katika majina haya. Angalau Shimba yenyewe imeingia katika Diospyros shimbaensis, jina la mti wa huko.

Kuna wanaosema majina ya vitabuni si kitu. Sikubaliani nao. Bila palliatus, mbega wetu wangejumlishwa tu na wenzao wengi wa Kongo na Angola, na kupungua kwao hapa kwetu kusingeonekana katika hesabu ya dunia.

Julai 2024, wataalamu wa mimea waliokutana Madrid walipiga kura kufuta lakabu caffra, yenye mzizi wa tusi walilotukanwa Waafrika wa kusini. Majina zaidi ya 200 ya mimea, kuvu na mwani yanaguswa, likiwamo la mmea wa ua wa miiba ambao Wakenya wengi huuita kayaba. Sasa lakabu hiyo inaandikwa affra. Wataalamu wa wanyama hawajakubali hatua kama hiyo, kwa hoja kwamba jina likibadilishwa, maandishi ya miaka mingi yatavurugika. Hoja hiyo ina uzito kwa majina ya zamani. Kwa majina mapya haina. Kanuni zao, ya mimea na ya wanyama, zinaruhusu lakabu itoke katika lugha yoyote, Kidigo cha pwani hii kikiwamo, mradi iandikwe kwa herufi za Kilatini. Mtafiti atakayekuta chura au mti mpya Shimba kesho anaweza kwenda kwanza kwa wazee wa kaya, awaulize wao wanamwitaje.