Nukta Tatu za Pemba

Jina la Pemba lina mushkili wake katika hati ya Kiarabu. Kiarabu hakina herufi ya p, wala alama ya kuitenga e na i. Mwandishi wa zamani aliandika ba, akaitia kasra. Na kwa kuwa wengi hawakuiandika m inayotangulia b, zikabaki ba mbili tu, moja na kasra, ya pili na fatha. Mgeni angesoma “biba”. Mpemba alisoma Pemba, kwani neno alikuwa nalo kinywani.

Hati hiyo ndiyo iliyoandikiwa Kiswahili katika zama za Kamange na Sarahani, malenga wa Pemba. Sisi tunawasoma kwa herufi za Kirumi, katika *Kale ya Washairi wa Pemba*, kitabu alichokihariri Abdilatif Abdalla mwaka 2011. Kila anayehamisha shairi kutoka hati ile kuja hii hulazimika kuchagua: ni pata au bata? Ni vua au fua? Akishachagua, msomaji haoni tena kwamba palikuwa na njia mbili.

Leo kompyuta huitambua kila herufi kwa namba yake katika orodha ya Unicode. Mwaka 2008 orodha hiyo ilipokea hati tatu za kale za Anatolia, nchi ambayo sasa ni Uturuki: Kilisia, Kilidia na Kikaria. Kikaria peke yake kilipewa herufi 49. Herufi zake kadhaa hufanana na za Kigiriki, na wataalamu walizisoma kwa sauti za Kigiriki wakakosea, hadi John Ray alipozipatia sauti nyingine katika miaka ya 1980. Jiwe la lugha mbili lililopatikana Kaunos mwaka 1996 likathibitisha. Kusahihisha kuliwezekana kwa sababu maumbo yenyewe yalikuwa yamehifadhiwa.

Herufi tunazozihitaji sisi zimo tayari: pe ya nukta tatu, namba 067E, tunashirikiana na Waajemi, ain ya nukta tatu, 06A0, inayofaa kwa ng’, tunashirikiana na Wamalei. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuikamilisha hati hii kwa Kiswahili. Kwa maandishi mapya, nukta hizo ni neema.

Lakini anayenakili karatasi kuukuu asimvike mwandishi nukta ambazo hakuziandika. Ba yake ibaki ba, na usomaji wetu uwekwe pembeni, ili anayekuja baada yetu apate nafasi ya kutusahihisha.