Ukiona Vyaelea: Nyumba za Vilimani Huko Toscana

Juma hili tusafiri hadi Italia, katika jimbo la Toscana, kwenye vilima vilivyo kati ya miji ya Firenze na Siena. Vilima hivyo huitwa Chianti, na mvinyo wake una jina hilohilo. Hata yule ambaye dini yake haimruhusu kunywa, huenda amewahi kuona picha ya chupa yake ya zamani, yenye tumbo la mviringo lililosukiwa majani makavu kama kikapu.

Kila mwaka wageni wengi kutoka Uingereza, Ujerumani, Marekani na kwingineko huenda huko kupumzika. Hukodi nyumba ya zamani ya mawe, iliyo peke yake juu ya kilima, wakakaa juma moja au mawili. Asubuhi hufungua dirisha, wakaona mistari ya mizabibu ikishuka bondeni, mizeituni yenye majani ya kijivu, na miberoshi iliyosimama kandokando ya njia. Mchana hushuka kwa gari hadi Greve, Radda au Castellina, wakaonja mvinyo kwenye maghala, na jioni wakarudi kilimani kutazama jua likizama. Wengi huondoka wakisema kwamba wamefika mahali ambapo wakati umesimama.

Ndipo tunapopaswa kusita kidogo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Je, nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya nani? Kwa nini iko juu ya kilima, mbali na kijiji? Na wenyewe walikwenda wapi?

Jibu linaanzia zaidi ya miaka 700 iliyopita. Wafanyabiashara na mabwana wakubwa wa Firenze na Siena walipopata fedha, walinunua ardhi vilimani. Wao hawakuwa na nia ya kushika jembe. Basi wakaweka mkataba na wakulima: mwenye shamba atatoa ardhi na nyumba, mkulima na jamaa yake watatoa nguvu zao, na mavuno yatagawanywa nusu kwa nusu. Mfumo huo uliitwa mezzadria, neno litokanalo na ‘nusu’.

Mkulima alitakiwa kuishi palepale shambani, apate kulima alfajiri na kulinda mazao usiku. Ndiyo maana nyumba za Toscana zimetawanyika, kila moja na shamba lake. Tena ziliwekwa juu kwa sababu hewa ilikuwa kavu, na kwa sababu baadhi ya mabonde yalikuwa na vinamasi vya malaria. Ghorofa ya chini ilikuwa zizi la maksai. Ghorofa ya juu ililala jamaa nzima, mababu, wana, wakwe na wajukuu, wakipata joto la wanyama wakati wa baridi. Kile kimnara ambacho mgeni wa leo hukipiga picha juu ya paa, kilikuwa nyumba ya njiwa, na njiwa walikuwa kitoweo.

Je, nusu kwa nusu si haki? Kwa kusikia, ni haki. Lakini nusu ya mmoja ilikwenda kwa jamaa ya watu kumi au kumi na watano waliofanya kazi, na nusu ya pili ilikwenda kwa mtu mmoja aliyekaa mjini. Huyo wa mjini alikuwa na mashamba mengi, kila moja likimletea nusu yake, na msimamizi wa kumhesabia. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Mkulima aliyemuudhi bwana aliweza kuambiwa afungashe. Mwaka wa mavuno mabaya aliingia deni, na deni likaandikwa katika daftari la bwana. Pengine hata kijana kuoa kulihitaji idhini ya mwenye shamba, kwa kuwa ndoa iliongeza midomo na kubadili idadi ya mikono. Huo ndio ukabaila, hata kama ulivaa kilemba cha ushirika.

Historia iliyoandikwa kwenye vibandiko vya chupa ni ya mabwana. Tunasoma kwamba mwaka 1716 Cosimo wa Tatu, mtawala wa Toscana, alitoa amri iliyotaja mipaka ya Chianti na maeneo mengine matatu, ili mvinyo wa kwingine usiuzwe kwa majina hayo. Tunasoma habari za Bettino Ricasoli, bwana wa ngome ya Brolio, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Italia mara mbili. Mwaka 1872 alieleza katika barua yake maarufu namna ya kuchanganya zabibu: Sangiovese kuleta harufu na nguvu, Canaiolo kulainisha, na Malvasia kwa mvinyo wa kunywewa mapema. Haya ni kweli, na Ricasoli alikuwa mtu wa elimu. Lakini zabibu alizozichanganya zilichumwa na mikono ambayo majina ya wenyewe hayako kwenye chupa yoyote.

Kwenye shingo ya chupa nyingi za Chianti Classico kuna picha ya jogoo mweusi. Wenyeji wana hadithi yake. Firenze na Siena ziligombania mpaka, zikakubaliana kwamba kila mji utoe mpanda farasi jogoo atakapowika, na pale watakapokutana pawe mpaka. Watu wa Siena walimlisha jogoo wao mweupe akashiba. Watu wa Firenze walimnyima chakula jogoo wao mweusi, naye kwa njaa akawika kabla ya alfajiri. Mpanda farasi wao akatangulia, na Chianti karibu yote ikawa ya Firenze. Ni hadithi tu, lakini tuitafakari: aliyeshinda ardhi ile kwa ajili ya wakubwa alikuwa jogoo mwenye njaa, na hatuambiwi kwamba baada ya ushindi alipewa mtama.

Mambo yalianza kugeuka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wakulima wa nusu waliungana, wakagoma, na sehemu yao ikapandishwa hadi asilimia 53. Mwezi Februari 1956 ikaja baridi kali iliyoua mizeituni kwa wingi. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vikiita. Vijana walishuka kwenda kwenye viwanda vya nguo vya Prato na kazi za Firenze, kwenye mshahara wa kila mwezi, umeme, na maji ya bomba. Wasichana wengi hawakutaka tena kuolewa katika nyumba ya mkulima wa nusu. Mwaka 1964 sheria ya Italia ilipiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo, na ikapandisha sehemu ya mkulima kwa mikataba iliyobaki hadi asilimia 58. Mwaka 1982 sheria nyingine ikafungua njia ya kuigeuza mikataba iliyosalia kuwa ya kukodi ardhi. Lakini nafuu ilipofika, wengi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Nyumba zikabaki tupu. Mapaa yakaporomoka, miiba ikaota zizini. Baadhi ya mashamba yalichukuliwa na wachungaji wa kondoo waliotoka kisiwa cha Sardegna. Nyumba nyingine zilinunuliwa kwa bei ya chini na Waingereza na Wajerumani waliopenda mandhari. Na mandhari yenyewe ilikuwa ikibadilika. Wakati wa wakulima wa nusu, mizabibu ilipandwa kati ya ngano na mizeituni, ikatambaa juu ya miti, kwa sababu jamaa ilihitaji kula kila kitu kutoka shamba lilelile. Mashamba makubwa ya mizabibu mitupu, yenye mistari iliyonyooka kama gwaride, yalienea katika miaka ya 1960 na 1970, trekta ilipochukua nafasi ya maksai. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho mgeni anakiita cha kale ina umri wa mtu aliye hai.

Serikali ya Italia iliona hatari ya mashamba kufa na nyumba kugeuka hoteli tupu. Mwezi Desemba 1985 ikatunga sheria ya utalii wa mashambani. Sheria hiyo ilisema kwamba anayepokea wageni kwa jina hilo sharti awe mkulima, na kilimo kiendelee kuwa kazi yake kuu. Wageni wawe nyongeza. Mwaka 2006 sheria hiyo ikaandikwa upya, na msingi huo ukabaki. Hapa pana hekima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini lazima kwanza mwenyeji awepo. Leo wako wajukuu wa wakulima wa nusu wanaotia mvinyo wao wenyewe kwenye chupa, na kuwakaribisha wageni katika chumba ambacho zamani kilikuwa zizi la babu yao. Hao wamepata haki ambayo wazee wao hawakuiota. Lakini ziko pia nyumba nyingi ambazo mwenyewe yuko London au Zurich, na aliyezaliwa ndani yake alizeekea katika ghorofa ya Prato.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua sura ya pili ya jambo hili. Kwa miaka mingi Wataliano wamekuja Malindi kutafuta nyumba zinazotazama bahari, kama Waingereza wanavyotafuta zinazotazama mizabibu. Si dhambi kupenda mahali pazuri pa watu wengine, wala hatumlaumu anayelipa kodi yake kwa halali. Tunachosema ni kwamba uzuri wa mahali hauoti wenyewe kama magugu. Ukuta wa mawe unaozuia udongo kilimani ulipangwa na mtu. Mzeituni ulikatwa matawi na mtu, kila mwaka, kwa nusu ya mafuta yake.

Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofundishwa. Huko Toscana wengi walichumia juani vizazi kwa vizazi, na kivulini wakaketi wengine. Basi anayefungua dirisha asubuhi juu ya kilima kile, na aulize kwanza ni nani aliyekuwa akilifungua kabla yake, na fedha anayolipa leo inaingia mfukoni mwa nani. Swali hilo halimharibii likizo yake.