Bure Iliyochosha Miguu

Roma ina chemchemi ya Trevi, iliyokamilika mwaka 1762, na maji yake hufika kwa mfereji uliofunguliwa mara ya kwanza mwaka 19 kabla ya Kristo. Sisi wa Sepuka, mkoani Singida, mahali petu pa kukutania palikuwa kwenye pampu ya mkono.

Ukishusha mpini, fimbo ndefu huivuta pistoni juu, vali ya chini ikafunguka na maji yakaingia. Ukipandisha mpini, vali hujifunga, maji yasirudi. Pistoni huzungukwa na kipete cha ngozi au mpira. Kikilika, utapiga mpini mpaka mabega yaume, wala hupati kitu.

Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji safi ndani ya mita 400. Maji yalikuwa bure, nasi tukashangilia. Lakini kipete kilipolika tulikaa kumngoja fundi wa Serikali, na mama zetu wakarudi kufukua mchanga korongoni. Sera ya 1991 ikatutaka tuchangie. Ile ya 2002 ikasema mradi ni mali ya wanakijiji wenyewe.

Wengi tulinung'unika, nami nikiwamo. Mama yangu alifungua fundo la kanga akatoa senti zake. "Hiyo bure yenu," alisema, "imenichosha miguu."

Mfereji wa Roma nao uliwahi kuharibika, ukakarabatiwa. Maji hudumu pale tu mtu anapokubali kuwa kipete ni chake.